Corolla 110 inayokosa nguvu ikishapata moto

Mkuu, kama Corolla yako yenye injini ya 5A inakosa nguvu mlimani baada ya nusu saa, kisha ukiizima ikapumzika inarudi sawa, anza na mafuta, halafu koili (inayotoa umeme wa cheche za plagi). Usinunue kifaa chochote kabla hujaipima wakati inasumbua. Ikishapoa utaikuta nzima.

Ikianza kuchoka, simama pembeni ufungue mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa inavutwa kwa nguvu na gari ikachangamka, badili mfuniko huo tu.

La sivyo, fundi afunge geji ya presha kwenye laini ya mafuta. Ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta), isome karibu psi 40. Ikishuka unapokanyaga mafuta, badili filta ya mafuta kwanza, ni rahisi kuliko pampu. Bado inashuka? Pima volti kwenye soketi ya pampu injini ikiwaka, ulinganishe na betri. Tofauti ikizidi volti 1, tatizo ni relei (swichi ya umeme wa pampu), soketi iliyoungua au waya wa hasi wenye kutu kwenye bodi. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela: wanafunga pampu mpya kwenye waya mbovu, nayo inachoka vilevile.

Presha ikiwa imetulia, linganisha cheche injini ikiwa baridi na ikiwa moto, mbali na harufu ya petroli. Ikigeuka nyembamba ya njano, koili ndani ya distribyuta (kigawa umeme wa plagi) imekwisha.

Na tafadhali acha kuendesha taa ya mafuta ikiwa imewaka. Pampu inapozwa na petroli iliyomo tenkini.