Beseni lipo, ndege hawatui

Swali: Nimeweka beseni la maji bustanini kwangu, Moshi. Wiki ya tatu sasa, ndege wanapita juu tu. Kosa liko wapi?

Jibu: Mara nyingi ni kina. Ndege kama shore haingii maji yanayomzidi miguu, na plastiki inateleza. Tumia sahani ya udongo ya kuwekea chungu cha maua: maji sentimita 2 pembeni, 5 katikati, pamoja na jiwe lenye mikwaruzo. Iweke mita 2 hivi kutoka kichakani; karibu zaidi paka atavizia, mbali sana ndege hana pa kukimbilia. Badilisha maji kila baada ya siku 2, mbu wasizaliane. Chozi, ndege mdogo anyonyaye nekta ya maua, usimtegemee hapo, mpandie mshubiri (aloe). Chungulia saa 1 hadi saa 3 asubuhi.