Jibu: wale wanajeshi wenye ndevu na mashoka kwenye paredi ya Ufaransa

Mkuu, hao uliowaona kwenye paredi ya 14 Julai, sikukuu ya taifa la Ufaransa, kule Paris, ndevu ndefu, aproni ya ngozi, shoka begani, ni mapayonia, yaani wahandisi wa kufungua njia, wa Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa, kikosi cha jeshi la Ufaransa kinachoandikisha wageni. Hayo mashoka sio mbwembwe, zamani mtu wa shoka ndo alikua anatangulia, anakata miti na kuvunja mageti ya ngome huku risasi zinapita, wenzake wako nyuma wanasubiri njia.

Ila kama unataka kuwajua hasa wahandisi wa jeshi soma habari za mto Berezina, Novemba 1812. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, anakimbia na jeshi lake kutoka Urusi, lazima wavuke mto, na vifaa vya madaraja alishaamuru vichomwe moto! Bahati Jenerali Eblé, mkuu wa wajenzi wa madaraja, alibakiza magari ya zana, makaa na vifaa vya uhunzi, vijana wake wakabomoa nyumba za kijiji cha Studianka wapate mbao, wakaingia majini mpaka kifuani, barafu inaelea, wakasimamisha madaraja mawili na jeshi likavuka. Wengi wao walikufa kwa baridi, Eblé mwenyewe akafariki 31 Desemba mwaka huohuo. Wale ni mashujaa kweli kweli.

Kuhusu wao kutembea taratibu kwenye paredi, Lejioni wanapiga hatua 88 kwa dakika, vikosi vingine 120, ndo maana Lejioni wanawekwa nyuma.