Maswali yenu: filamu, machozi na kifo

Safu iliyopita ilihusu *Ikiru*, filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1952: mzee Watanabe, mkuu wa idara katika ofisi za jiji, anajua ana saratani ya tumbo, na miezi aliyobakiwa nayo anaimaliza akihangaikia kiwanja cha watoto kuchezea. Mmeniandikia. Najibu machache.

Mama alifariki mwezi wa tatu. Tangu hapo vichekesho vinanichosha, natafuta filamu za kuliza. Dada anasema najitesa.

Pole sana. Hujitesi. Mtafiti Mary Beth Oliver wa Marekani ametenganisha mambo mawili tunayoyachanganya: kuburudishwa na filamu, na kuguswa nayo. Aliyetoka kuzika hana hamu na la kwanza, kwa sababu vichekesho vinamtaka ajifanye hajui anachokijua. Baada ya arobaini ya baba niliweka kipindi nilichokuwa nakipenda mno. Watu wanacheka, mimi macho yako juu ya kabati, kwenye saa yake ya mkononi iliyokuwa bado inatembea. Nikazima.

Ila jiangalie. Ukilia ukapata usingizi, sawa. Ukiwa huli wala kazini huendi, hilo si la filamu tena. Muone daktari au mshauri.

Mume wangu akiona jeneza kwenye televisheni anabadilisha chaneli. Hana moyo?

Anao, pengine kukuzidi. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Ernest Becker, aliandika mwaka 1973 kwamba mengi tunayoyafanya ni mbio za kulikimbia wazo la kifo. Rimoti nayo ni miguu. Mtazame msibani: sitashangaa ukimkuta nje anafunga turubai na kupanga viti, mradi asikae ndani.

Nimesoma kuwa sayansi imethibitisha: ukimkumbusha mtu kifo, ataithamini zaidi filamu nzito.

"Imethibitisha" ni neno kubwa. Tangu miaka ya 1980 wanasaikolojia Greenberg, Solomon na Pyszczynski wamekuwa wakiwaomba watu waandike wanavyojisikia wakifikiria kifo chao, huku kundi jingine likiandika, kwa mfano, juu ya maumivu ya jino. Kisha wanapima tofauti. Watafiti wa filamu wakaiazima njia hiyo. Lakini jaribio mojawapo la zamani la wanasaikolojia hao liliporudiwa katika maabara 21, matokeo hayakujirudia. Mimi wazo lenyewe silitupi. Nachotilia shaka ni ile karatasi: aliyejaza fomu kuhusu kifo na aliyeshika mchanga wa kaburi hawajakumbushwa kitu kimoja.

Watanabe anakufa filamu haijaisha, halafu tunakalishwa na walevi wa ofisini kwake. Kwa nini?

Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapoanza. Wakubwa wa jiji wamekuja msibani na wanagawana sifa za kiwanja. Wanaingia akina mama wa mtaani, wale waliokuwa wakirushwa dirisha hili hadi lile na shida yao ya maji machafu. Hawasemi kitu, wanalia tu mbele ya picha yake. Wakubwa wanaona haya, wanaondoka. Askari analeta kofia ya marehemu: usiku aliokufa alimwona kwenye bembea ya kiwanja kile, theluji inamwangukia, anaimba.

Makarani waliobaki wanakunywa, wanalia, wanaapa. Kuanzia leo tutafanya kazi kama yeye! Kesho yake mkuu mpya anapokea malalamiko na kuyasukumia idara nyingine. Karani mmoja anasimama kwa hasira. Anatazamwa. Anakaa taratibu mpaka anapotelea nyuma ya mafaili.

Nani hajawahi kuapa hivyo chini ya turubai? Nimewahi kuapa nitawapigia simu ndugu zangu kila Ijumaa. Nilipiga Ijumaa mbili. Ndiyo maana Kurosawa hakutuacha twende nyumbani na ile bembea peke yake. Machozi yetu ni sawa na ya wale makarani, naye alijua hayakai.

Baba anaumwa sana. Nimwoneshe filamu hiyo?

Muulize mwenyewe, usimchagulie. Mjomba wangu wiki zake za mwisho alitaka mechi za zamani tu, zile ambazo matokeo aliyajua.