Bango la Filamu ya Kutisha: Liache Giza Lifanye Kazi

Msomaji mmoja amenitumia bango la filamu yake fupi, anauliza kwa nini halitishi. Lina fuvu, makaburi, mwezi, mkono wenye damu, na jini lenyewe katikati limekenua meno. Ndugu yangu, jini ukishalianika hivyo, mtazamaji amelizoea kabla hajakata tiketi.

Angalia bango la The Exorcist la 1973: mtu mwenye kofia na begi amesimama chini ya taa ya barabarani, anamulikwa kutoka dirishani, basi. La Alien, 1979, ni yai linalopasuka na mwanga wa kijani. Sehemu kubwa ya karatasi ni giza. (Wachoraji wa Ghana miaka ya 1980, waliopaka mabango juu ya magunia ya unga, walifanya kinyume: walionyesha kila kitu, hata kisichokuwemo kwenye filamu. Ile ni sanaa nyingine, na inataka mkono hodari.)

Sasa giza lenyewe, maana hapa ndipo wengi mnapoharibu. Nyeusi asilimia 100 peke yake ikichapishwa hutoka kijivu, kama buibui lililofuliwa mno. Ichanganye kwa wino nne za mchapaji, kwa asilimia: sayani (buluu ya maji) 60, majenta (waridi iliyokolea) 40, njano 40, nyeusi 100. Jumla ni 240. Ukijaza zote nne mpaka 400, wino haukauki, karatasi zinagandana na kuchafuana migongo. Lakini maandishi madogo meupe usiyaweke juu ya mchanganyiko huo. Rangi moja ikisogea kidogo tu mashineni, herufi zinazibika. Chini, penye majina ya wasanii, zile rangi tatu zififishe taratibu ibaki nyeusi tupu. Na mahali mwanga unapofifia kuingia gizani hutokea michirizi kama ngazi: fanya kazi kwa biti 16 (faili yenye ngazi nyingi zaidi za rangi), kisha nyunyizia chengachenga za asilimia 2 au 3.

Damu iwe sehemu moja tu. Majenta 100, njano 100, nyeusi isizidi 15. Nyekundu iliyokolea inapendeza kwenye skrini, ila ikichapwa kando ya nyeusi inamezwa.

Herufi zinazochuruzika damu zinachekesha, ziache. Trajan, fonti aliyoichora Carol Twombly mwaka 1989, imetumika mpaka imechoka. Chukua herufi nyembamba zisizo na madoido, uziachanishe.

Kipimo cha kawaida cha bango la sinema Marekani ni inchi 27 kwa 40, yaani pikseli 8,100 kwa 12,000 ukitumia 300 kwa inchi. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Halafu lipunguze hadi upana wa pikseli 200, ulitazame kwenye simu juani. Jina la filamu lisiposomeka hapo, rudi mezani kabla hujamlipa mchapaji.