Mashine imekataa vidole vyangu: je, mimi si mimi?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi uashi hapa Mbagala, Dar es Salaam. Nilipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilivikataa vidole vyangu. Wakala akaniambia kwamba alama za vidole hazikosei kamwe, hivyo huenda namba ya kitambulisho niliyompa si yangu. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na wakala amechanganya mambo mawili. Mistari ya kidole hujichora mtoto akiwa bado tumboni, nayo hutofautiana hata kwa mapacha wa kufanana. Mashine, hata hivyo, hutafuta tu mahali mistari inapokatika au kugawanyika, ikapalinganisha na picha iliyohifadhiwa siku ulipoandikishwa, kisha ikakadiria kiwango cha kufanana. Kiwango hicho kikifika mpaka uliowekwa, unakubaliwa, kikipungukiwa, unakataliwa. Mpaka ukipandishwa, wenye haki wengi hukataliwa. Ukishushwa, wasiostahili hupenya. Kwa hiyo wakala alikuwa na haki ya kusema kwamba mashine imeshindwa kukuthibitisha, lakini hakuwa na msingi wowote wa kuitilia shaka namba yako.

Kosa la hatari zaidi hutokea pale ambapo mtu hatajwi kwanza, bali hutafutwa miongoni mwa mamilioni, kwa kuwa hazina ya alama ikiwa kubwa hakosekani asiyehusika ambaye alama zake zinakaribiana na zinazotafutwa. Baada ya treni za Madrid, mji mkuu wa Hispania, kulipuliwa mwezi Machi 2004, kompyuta ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa orodha ya watu wa namna hiyo, na wataalamu wakashikilia kwamba alama iliyokutwa kwenye mfuko wa plastiki uliohusishwa na shambulio hilo ni ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani. Aliwekwa kizuizini takriban wiki mbili, mpaka polisi wa Hispania walipoitambua kuwa ya raia wa Algeria, na FBI ikamwomba radhi. Walioteleza hapo ni binadamu wenye lenzi mkononi, tena waliobobea.

Tukirudi kwako, saruji mbichi ina ukali unaokausha na kula ngozi, na matofali humalizia kuisugua. Wakulima na wazee nao hupata tabu hiyo. Mikono ikipumzika siku kadhaa, mistari hurudi ilivyokuwa. Kabla ya kujaribu tena, osha mikono kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta kidogo na kuyafuta, usikandamize kidole kwenye kioo, na uombe kutumia kidole cha pete au cha mwisho, ambavyo havisuguliki kama dole gumba. Ikishindikana, nenda ofisi ya vitambulisho uombe kuchukuliwa alama upya, na umsihi mwandikishaji aikague picha kwenye skrini kabla hujaondoka, maana ikihifadhiwa yenye ukungu, usumbufu huu utakufuata kwa kila wakala.