Clowney si hasara, ila bei yake ndiyo ilikuwa kichaa

Mkuu, hoja yako kwamba Jadeveon Clowney, mlinzi wa NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), ni hasara kwa sababu alikuwa namba 1 kwenye drafti ya 2014 (timu zinapochagua wachezaji wapya) na hajawahi kufikisha saki 10 kwa msimu, yaani kumwangusha kwotabeki, mrusha mpira wa wapinzani, kabla hajarusha, naielewa. Kweli hajafikisha. Bora yake ni 9.5, akiwa Houston (Texans) 2017 na Baltimore 2023. Lakini itazame 2016: alimwangusha kwotabeki mara 6 tu, nyota mwenzake wa ulinzi J.J. Watt akacheza mechi 3 kisha mgongo ukamtoa, na bado Texans ndio walioruhusu yadi chache kuliko timu yoyote ya NFL. Jamaa anawazuia wapinzani wanaokimbia na mpira upande wake na kuwalazimisha wakingaji wawili wamkabe yeye, halafu saki anaandikiwa mwenzake. Hilo kwenye takwimu zako hulioni.

Ninapokuunga mkono ni alipokuwa Tennessee (Titans) 2020. Mechi 8, saki sifuri, kisha goti. Pale hela ilipotea, sibishi (na mashabiki wa Titans wasinijie juu). Ila kwa mkataba wa mwaka mmoja, bei ya kawaida, mimi ningemsajili asubuhi na mapema.