Maswali ya Wasomaji: Flashi Inayodai Kufomatiwa

SWALI: Ndugu mjibu maswali, tasnifu yangu ya miaka miwili imo katika flashi ya GB 16. Juzi niliichomoa kompyuta ikiwa bado inanakili, na tangu hapo kila nikiichomeka Windows inanitaka niifomati kwanza ndipo niitumie. Kwenye dirisha la sifa zake naona neno RAW na ukubwa wa baiti 0. Rafiki yangu anashauri niifomati, kisha nitumie programu ya kurejesha mafaili. Nimsikilize? — Mwanafunzi wa shahada ya uzamili

JIBU: Usimsikilize, walau kwa sasa, na kila ujumbe huo unapotokea bonyeza kitufe cha kughairi. Rafiki yako hajakosea kabisa, kwa kuwa kufomati kwa haraka hakugusi maandishi yenyewe, ila huandika jedwali jipya tupu mahali pa lile la zamani. Lakini jedwali hilo la zamani, hata likiwa limevurugika, ndilo lenye kumbukumbu za faili gani limekaa katika sehemu zipi. Tena, mtu akiondoa alama ya tiki kwenye kisanduku cha kufomati kwa haraka, Windows zote tangu Vista hujaza sifuri flashi nzima, na hapo hakuna programu itakayokufaa.

Neno RAW maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kutambua mfumo wa faili, yaani mpangilio unaotumika kuhifadhi mafaili. Zile baiti 0 nazo zisikutishe, maana dirisha la sifa huonyesha hivyo hivyo kwa flashi iliyovurugika na kwa ile iliyokufa. Fungua Disk Management, programu ya Windows ya kusimamia diski, uangalie ukubwa unaoonyeshwa huko. Ukikuta GB 14 na pointi kadhaa, ambazo ndizo hesabu ya Windows kwa flashi inayouzwa kuwa ya GB 16, basi kifaa ni kizima na kilichoharibika ni mfumo wa faili tu. Ukikuta No Media, chipu inayoongoza kumbukumbu imegoma, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vya kusoma chipu ya kumbukumbu moja kwa moja.

Tuseme ni hali ya kwanza. Kabla ya kujaribu dawa yoyote, tengeneza taswira ya flashi nzima, yaani faili moja kubwa lenye kila baiti iliyomo, ulihifadhi kwenye kompyuta yenye nafasi ya kutosha. Katika Linux programu ya ddrescue inaifanya kazi hii vizuri: ikikutana na sehemu isiyosomeka huiruka, huchukua kwanza zile zinazosomeka, kisha huzirudia zile ngumu. Baada ya hapo iweke flashi kando na majaribio yote uyafanye juu ya taswira, maana ukikosea utaanza upya bila hasara.

Anza na TestDisk, programu ya bure ya kurejesha mafaili. Flashi za ukubwa wa yako kwa kawaida hutumia mfumo wa faili uitwao FAT32, nao huweka nakala mbili za jedwali pamoja na nakala ya akiba ya sekta ya kuanzia, hivyo mara nyingi mafaili huonekana yakiwa na majina na folda zake, ukabaki na kazi ya kuyanakili tu. Isipofaulu, tumia PhotoRec, inayokuja pamoja nayo. Licha ya jina lake haitafuti picha peke yake. Hulipuuza jedwali na kusaka mianzo ya mafaili: picha ya JPEG huanza kwa baiti FF D8 FF, na faili la docx, ambalo kwa hakika ni kifurushi cha ZIP, huanza kwa herufi PK. Gharama yake ni kwamba majina yote hupotea, nawe utakuta folda ya recup_dir.1 imejaa vitu kama f0284672.docx. Yapange kwa ukubwa, kisha tafuta ndani yake sentensi unayokumbuka kutoka sura uliyoandika mwisho, kwa sababu matoleo ya zamani ya tasnifu nayo yatafufuka. Faili lililokuwa limetawanyika vipande vipande huenda likakataa kufunguka.

Na kabla ya yote hayo, umeangalia barua pepe ulizomtumia msimamizi wako?

SWALI: Niliiruhusu kompyuta ikarabati flashi yangu. Picha zimetoweka, na badala yake kuna folda ya FOUND.000 yenye mafaili ya FILE0000.CHK na kuendelea. Nizifute?

JIBU: La, hizo huenda ndizo picha zako. Programu ya chkdsk, ambayo ndiyo Windows huitumia kukarabati, hurekebisha mfumo wa faili, si mafaili. Vipande visivyo na mwenyewe katika jedwali huvikusanya hapo kwa majina ya namba. Nakili folda nzima kwenye kompyuta, kisha katika nakala hizo badilisha .CHK kuwa .jpg ujaribu kufungua. Zinazokataa huenda ni video au nyaraka.

SWALI: Folda zangu zote zimegeuka njia za mkato, nazo hazifunguki.

JIBU: Hiyo ni kazi ya virusi, na folda zenyewe kwa kawaida zimefichwa tu. Ushahidi ni kwamba nafasi iliyotumika katika flashi haijapungua. Usibofye njia hizo, kwa kuwa kila mbofyo huviamsha virusi upya. Safisha kompyuta kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Folda zikijitokeza, nakili mafaili yako, ndipo uzifute zile njia za mkato. Kompyuta isiposafishwa kwanza, zitarudi mara tu utakapoichomeka tena.